Mdomo wa Esosa

Mimi kazi yangu ni kugombana. Vitambaa nauza, ndiyo, nina kibanda Soko la Oba, lakini vitambaa ni vya kunipatia kula. Kugombana ndiyo kazi yenyewe.

Ukiwa na sikoseli hapa mjini Benin, siku ukilazwa utanielewa. Mifupa inakupasuka, unamwita nesi, anakwambia subiri. Unamwita tena, anakwambia nyie watu mmezidi kupenda sindano. Utamjibu nini? Meno yako yameng'ata shuka. Ndiyo maana katika chama chetu kila mtu ana mdomo wake. Mdomo ni mwanachama mwenzako: ukilazwa anakuja kusimama kando ya kitanda na kusema yale ambayo ungeyasema wewe kama pumzi ingekuwepo. Hasemi ya kwake. Anasema yako, hata kama yeye hayapendi. Na huchagui wa kumsemea, unapangiwa kwa zamu.

Mdomo wangu ndio mchafu kuliko yote. Kuna hospitali moja manesi wakiniona getini tu wanaanza kutafuta mshipa wa mgonjwa kabla sijafungua kinywa. Nina miaka thelathini na nane, macho ya njano, miguu myembamba, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo.

Jumamosi moja tulikuwa tumekaa kwenye darasa la shule ya msingi tunakokutana, kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti wetu, Baba Osarodion, mwalimu mstaafu, alikuwa amesimama na fimbo yake. Nyonga yake moja imeliwa na ugonjwa, akikaa kwenye vile viti hainuki tena. Mlango ukafunguka, akaingia msichana amembeba mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe mkubwa, miaka sita hivi, wa kutembea kwa miguu yake. Nikaona vidole vya yule mtoto vilivyovimba, nikajua kwa nini anabebwa.

"Mgonjwa nani, wewe au mtoto?" Baba Osarodion akauliza.

"Mtoto. Anaitwa Esosa. Mimi Amenze. Mke wa Idemudia. Mtaa wa Igun, kwa wafua shaba."

Darasa zima likanigeukia mimi. Wote walijua. Wewe hujui, basi nikwambie: kabla ya Amenze, mke wa Idemudia nilikuwa mimi.

Kwetu ukiolewa unaacha salamu ya asubuhi ya ukoo wa baba yako, unafundishwa ya ukoo wa mume. Kila asubuhi unapiga magoti mbele ya mkwe, unaitamka, anakuitikia, ndipo siku inaanza. Salamu yao sitaitaja hapa, imeshanichosha ulimi. Mama Idemudia aliniitikia mwaka mzima, tena kwa sauti, majirani wasikie kwamba ana mkwe mwenye adabu. Kisha nikaugua, nikalazwa, watu wakamwambia ni sikoseli. Mwanawe alikuwa anajua siku nyingi, nilimwambia mwenyewe kabla ya ndoa. Hakupata ubavu wa kumwambia mama yake. Niliporudi kutoka hospitali nikapiga magoti asubuhi, nikasalimia. Yule mama akatazama juu ya kichwa changu, akamwita kijakazi alete uji. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Katika nyumba ile asiyeitikiwa hana sauti. Haulizwi apike nini, hashiki mtoto wa mtu, akiongea watu wanaendelea kula.

Nilivumilia mpaka siku ya wageni. Mbele ya wageni akasema, "Nilidhani nimeleta bibi harusi, kumbe nimeleta jeneza lililovishwa shanga." Wakacheka. Idemudia naye akacheka kidogo, ili asionekane hajasikia. Nikafunga mizigo. Na wajumbe wa ukoo walipotaka kwenda kwetu kudai mahari yao, kama ilivyo desturi mke akiachwa, akawazuia. "Waacheni nayo," akasema. "Watamnunulia sanda." Wakacheka tena.

Kwa hiyo msichana alipotaja nyumba ile, nilijisikiaje? Nilifurahi. Sitakudanganya. Moyo ulinichezea ngoma. Baada yangu walitafuta mke mwenye damu safi, wakampeleka Amenze maabara kama wanakagua ng'ombe. Akakutwa anabeba nusu ya sikoseli, haugui ila anaweza kuirithisha. Wakasema haidhuru, mradi mwanamume ni safi. Na mwanamume alipimwa? Thubutu! "Damu ya mwanangu naijua, nimeizaa mwenyewe," Mama Idemudia alisema, na mtu mzima mwenye ndevu akakubali asichomwe sindano kwa sababu mama kasema. Sasa haya, damu safi ilikuwa imekaa mbele yangu na vidole vimevimba.

"Tangu hospitali watwambie," Amenze akasema, "mama haitiki salamu yangu. Dawa za mtoto kazimwaga chooni. Anasema Esosa ni wale watoto wa kuja na kuondoka, wanaozaliwa wakafa wakazaliwa tena, kwamba wenzake wa kuzimu wanamwita, lazima akatwe ile kamba wanayomvutia. Jumatatu asubuhi anakuja mtu na wembe. Atamchanja kifuani na mgongoni, kisha mtoto hatoki nje mpaka vidonda vipone."

Kila aliyekuwemo mle alijua vidonda vya wembe vinamfanya nini mtoto wa sikoseli. Mmoja wetu alizikwa kwa vidonda vya namna hiyo.

"Mtoto anahitaji mdomo," Baba Osarodion akasema. "Zamu ya nani?"

Ilikuwa zamu yangu.

"Mpeni mwingine," nikasema.

"Huchagui, Ivie."

"Baba, nyumba ile? Uniambie nikaingie kwenye tundu la nyoka nitaingia. Kule sirudi. Wana damu safi, wajisafishe wenyewe."

"Umemaliza?"

"Sijamaliza! Na huyu," nikamwelekezea Amenze kidole, "alipovishwa shanga zangu hakuuliza mwenyewe yuko wapi?"

Nilitaka alie. Hakulia. Alimpandisha mtoto mgongoni vizuri, akaniangalia.

"Najua wewe ni nani, anti," akasema. "Kwetu jina lako ni la kutishia. Esosa akikataa kula anaambiwa atakuwa kama Ivie. Ndiyo maana nimekuja. Nilikaa nikajiuliza, huyo Ivie anayetajwa kila siku, mbona hafi?"

Wajinga wale wakaangua kicheko. Baba Osarodion akajishika nyonga kwa kucheka. Mimi nilitaka kumzaba kofi.

Mtoto akachungulia begani kwa mama yake. "Wewe ndiye Ivie?"

"Ndiye. Una swali?"

"Bibi anasema una mdomo mchafu."

"Bibi yako amesema kweli kwa mara ya kwanza maishani mwake."

Akafikiri. Kisha akaunyosha ule mkono uliovimba, akanigusa mdomo kwa kidole, akakiangalia kidole kama kimechafuka. Basi nikamkalisha kwenye dawati, nikamweleza kama ninavyowaeleza wote. Siku maumivu yakikuziba, nong'ona sikioni mwangu. Utakachosema ndicho nitakachosema. Siongezi, sipunguzi. Ukinyamaza, nami nanyamaza.

"Hata nikisema tusi?"

"Hasa tusi."

Amenze nikamwambia asimrudishe nyumbani. Akasema akilala nje na mtoto ukoo utamchukua mtoto moja kwa moja, na yeye hataruhusiwa hata kumwona. Alisema kweli. Asiyeitikiwa akitoka na mtoto, anaitwa mwizi. Akarudi kwa mkwewe, nami nikarudi kwangu na hasira zangu.

Jumatatu upepo wa vumbi ulikuwa umeingia. Ile baridi kavu ndiyo adui yetu mkubwa, inakukamata kwenye viungo kabla hujavaa soksi. Simu ikalia nikiwa bado kitandani. Amenze alikuwa ananong'ona. Esosa ameanza maumivu tangu alfajiri, kifua, hapumui vizuri, mama amefunga geti na kuketi na ufunguo mapajani, mtu wa wembe amefika.

"Mume wako yuko wapi?"

"Yupo."

Nilijua anamaanisha nini. Nikavaa sweta mbili, nikafunga kitambaa kichwani, nikapanda bajaji. Njia nzima nilikuwa napanga matusi. Nilikuwa nayo ya miaka, nimeyapanga kwa makundi, mengine sikuwahi kumtolea mtu.

Geti lilikuwa limefungwa, nikaligonga kwa jiwe mpaka mtaa ukatoka nje kuangalia. Wafua shaba wakaacha moto wao. Idemudia ndiye aliyechungulia, mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni.

"Ivie?"

"Fungua."

"Ufunguo anao mama."

"Basi nitagonga mpaka lianguke, na fundi utamlipa wewe."

Sauti ya mama yake ikatoka uani. "Mfungulie! Nataka kumwona huyo maiti anayebisha hodi." Akamrushia ufunguo.

Nikaingia. Uani kulikuwa kama nilivyouacha: kiti chake kirefu, vichwa vya shaba vya kuuza vimepangwa ukutani, kuku. Mama Idemudia alikuwa amenenepa. Pembeni yake alikaa Mzee Igbinosa, mkuu wa ukoo wao, aliyeitwa kushuhudia mkato. Mzee wa hasira za karibu, na asubuhi ile alikuwa hajanywa chai. Yule mtu wa wembe alikuwa amechuchumaa na mfuko wake. Na kwenye mkeka, Esosa. Alikuwa ameshaacha kulia. Waliozoea wanajua hiyo ndiyo mbaya. Alikuwa anavuta pumzi fupifupi, na kila akivuta, macho yanamtoka. Amenze alikuwa amepiga magoti mbele ya mkwewe, amesalimia sijui mara ngapi, hajaitikiwa hata moja.

"Bado unatembea?" Mama Idemudia akaniuliza.

"Natembea, mama. Sanda yangu bado iko dukani."

Majirani getini wakaguna.

"Umefuata nini kwangu?"

"Mtoto anakwenda hospitali."

"Mtoto wa nani? Wako? Wewe tumbo lako lilizaa nini zaidi ya maumivu? Toka! Na huyu," akamtupia Amenze jicho, "hana sauti humu. Sijamwitikia, hana la kusema juu ya mtoto wa ukoo. Haya, mtu wa kazi, toa wembe."

Yule mtu akatoa wembe. Esosa akauona. Akanitafuta kwa macho, akafungua mdomo, hakikutoka kitu.

Matusi yangu yote niliyoyapanga yalikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini mimi ni mdomo wake, na yeye hakuhitaji tusi. Alihitaji geti. Na kwenye nyumba ile mtu mwenye sauti tu ndiye anayemtoa mtoto getini.

Nikapiga magoti. Kwenye vumbi, mbele ya yule mwanamke, na nyonga yangu inalia. Nikaitamka salamu ya asubuhi ya ukoo wao, taratibu, yote, kama nilivyofundishwa siku nilipovishwa shanga.

Majirani wakasukumana getini waone.

"Una wazimu," Mama Idemudia akasema. Sauti ilikuwa imepungua.

"Huitiki?"

"Nikuitikie kama nani?"

"Sawa. Kaa nayo." Nikageuka, bado niko kwenye magoti. "Salamu hii hata wewe ulifundishwa, mama, ulipoolewa. Hukuzaliwa nayo. Mwenyewe yule pale." Nikamgeukia Mzee Igbinosa, nikaitamka tena, mbele yake.

Mzee akanikunjia uso. "Wewe uliachwa."

"Nani aliyeniacha, baba? Mahari yangu ilirudi lini?"

Mzee akamgeukia Mama Idemudia. "Ilirudi?"

"Niliwaambia wabaki nayo! Kila mtu alinisikia!"

"Sikukuuliza ulisema nini. Ilirudi, haikurudi?"

Pale getini mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Ya sanda!" na watu wakacheka. Safari hii walimcheka yeye.

"Basi ni mke," Mzee Igbinosa akasema kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyemcheleweshea chai. "Tena mke mkubwa. Miaka yote hii mnaniletea maneno ameachwa, ameachwa." Akanitazama pale chini, akaniitikia. Salamu nzima, kwa sauti ya mkuu wa ukoo.

"Irudishwe sasa hivi!" Mama Idemudia akapiga kelele. "Idemudia! Ingia ndani ulete—"

"Mahari si chenji ya nyanya," mzee akamkata. "Inataka wajumbe, inataka kokwa za kola za mapatano, na baba yake alishakufa, itabidi mkawatafute ami zake. Leo ni mke."

Nikainuka. Amenze alikuwa ameshasimama kabla yangu. Mtu wa wembe akasogea mwenyewe. Aliona mahali pagumu. Nikainama nimbebe Esosa, mgongo wangu ukakataa, nikamwambia Idemudia, "Wewe! Tema hilo povu, mbebe mwanao." Akamtazama mama yake. Akamtazama mzee. Kisha akatema, akambeba, na nadhani ndilo jambo la kwanza alilowahi kufanya uani pale bila kuambiwa na mama yake. Hata hivyo niliyemwambia ni mimi.

Hospitali ikawa vita nyingine. Nesi wa zamu, mgeni kwangu, akamwona mtoto anaguna, akasema, "Wa sikoseli hawa wamedekezwa, wakae pale kwenye benchi."

"Dada," nikasema, "kifua kinabana, anapumua mara mbili ya mtu mzima. Oksijeni, dripu, dawa ya maumivu, daktari. Usipofanya hivyo ninaanza kupiga kelele, na mimi nikianza siachi hata nikibebwa."

"Na wewe ni nani wake?"

"Mama yake mkubwa."

"Kelele za nini sasa—"

"Hizi bado si kelele."

Daktari akatoka kuona nani anazozana. Esosa akapata kitanda, oksijeni, mshipa wakaupata. Nikasimama pale mpaka nilipoona mabega yake yameshuka. Ndipo miguu yangu ikakumbuka baridi. Ilianzia pajani, ikapanda, ikanishika kiuno, nikajikuta nimekaa sakafuni na siwezi kusema hata jina langu.

Nesi akasema, "Huyu naye vipi?"

Nikamsikia Amenze. Yule msichana wa sauti ya chini, ya kanisani. "Na huyu naye ni wa sikoseli," akasema. "Maji na dawa, sasa hivi."

"Mama, subiri kidogo, tuna—"

"Hatusubiri! Nimesubiri nyumbani kwa mkwe wangu mpaka mtoto akageuka bluu, wewe sikusubiri hata kidogo! Mlete daktari huyo huyo, bado yuko pale mlangoni, namwona!"

Maumivu yalikuwa yamenitoa machozi, lakini hapo nililia kwa kitu kingine. Wakanilaza kitanda cha pili, kando ya Esosa.

Tukalala pale. Daktari alisema kama mtoto angecheleweshwa mpaka mchana tungekuwa tunaongea mengine. Sembuse na wembe juu yake. Sikutaka kusikia zaidi. Asubuhi Esosa alikuwa amefumbua macho, ana bomba puani, sauti imekauka, lakini macho yake mwenyewe.

Na kabla uji wa hospitali haujapita, akaingia Mama Idemudia.

Alikuja na Idemudia nyuma, mwenyewe amebeba chupa ya uji na bajia za kunde kwenye bakuli. Kanga zake nzuri, shanga shingoni. Sijui kama alikuja kwa kuogopa ulimi wa watu mtoto akifa au kwa kumpenda. Labda yote mawili, sikujali. Hakunitazama mimi. Hakumtazama Amenze. Akasimama miguuni kwa kitanda cha mtoto, akaifanya sauti yake kuwa tamu.

"Esosa wangu. Umeamkaje, mjukuu?"

Esosa akamtazama. Kisha akatazama juu ya kichwa cha bibi yake, kwenye dirisha.

Nilijua mtazamo ule. Nimeupigia magoti.

"Esosa. Bibi anakusalimia."

Macho yakabaki dirishani. Wodi nzima, akina mama wa vitanda vingine, wote wakaacha kulisha watoto wao. Shingo ya yule mwanamke ikaanza kutoka jasho, na nje baridi. Akanigeukia mimi kwa mara ya kwanza.

"Wewe ndiye umemfundisha."

"Mimi nimekaa naye siku moja, mama. Wewe umekaa naye miaka sita."

"Mwambie aniitikie!"

"Mimi ni mdomo wake, si wako. Yeye amenyamaza, nami nimenyamaza."

Akabaki amesimama na chupa yake. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo muda mrefu, na nakwambia nilipomwona anahangaika na kifuniko cha chupa, hajui aweke wapi macho, sikumhurumia hata chembe. Angesimama pale mpaka Krismasi.

Esosa akanyanyua kidole, akaniita. Nikashuka kitandani na dripu yangu, nikainama. Akaninong'oneza sikioni, pumzi fupifupi, maneno matatu tu.

Mimi nilikuwa na yangu ya kusema. Nilikuwa nayo mengi. Lakini siongezi, sipunguzi.

"Mtoto anasema," nikasema, "mwitikie mama kwanza."

Mama Idemudia akasimama kama hajasikia. Amenze, ambaye hakuwa amelala, ambaye nguo yake ilikuwa bado na vumbi la uani, akaondoka kitini. Nikataka kumzuia. Akapiga magoti kwenye sakafu ya wodi, kati ya vitanda, akaitamka salamu ya ukoo kama alivyoitamka kila asubuhi tangu aambiwe mwanawe ni mgonjwa.

Esosa alikuwa hamtazami mama yake. Alikuwa anautazama mdomo wa bibi yake.

Mdomo ule ulibaki umefungwa. Idemudia, nyuma yake, akasema taratibu, "Mama." Neno moja, lakini alilisema.

Akamwitikia. Kwa sauti ndogo, macho chini, lakini salamu nzima mpaka mwisho, na wodi ikasikia. Ndipo Esosa akamwambia, "Nimeamka, bibi," akafumba macho kwa uchovu.

Bajia nilikula mimi. Zilikuwa nzuri, hilo siwezi kumnyima.

Alipokuwa anaondoka alisita kando ya kitanda changu, kama anangoja kitu. Ilikuwa asubuhi, na mimi kwa mdomo wa mkuu wa ukoo ni mke mkubwa wa mwanawe, na mke hupiga magoti. Nikavuta shuka mpaka kidevuni.

"Ami zangu wanakaa Ekpoma," nikamwambia. "Mkitaka mahari yenu, nendeni mkawatafute. Ila mtoto hamumfanyi kitu bila kuniuliza mimi kwanza, mpaka irudi."

Hawajaenda mpaka leo. Na mimi kila Jumamosi namngoja Esosa darasani. Anakuja kwa miguu yake, na mama yake amepangiwa kuwa mdomo wangu.